Upanga wa titani: metali isiyoota kutu na taabu zake kwa mhunzi

Kipande kilikuwa na urefu wa sentimita 45, upana wa sentimita 5 na unene wa milimita 4. Nilikifunga gazeti, nikavuka nacho feri, nikakilaza juu ya fuawe ya mhunzi mmoja wa Likoni ambaye mapanga yake yamefyeka mashamba mengi ya kusini mwa Mombasa. Mzee alikinyanyua, akakipima kwa kiganja, akanitazama kwa huruma.

"Hii ni alumini, mwanangu. Utakatia nini, mkate?"

"Si alumini, mzee wangu. Ni titani. Ndiyo inayoingia kwenye injini za ndege."

Akachukua tupa, akakwaruza pembeni. Tupa iliuma kwa shida, ikatoa unga wa kijivu ulionata kwenye meno yake kama ugali kwenye mwiko. Akaigonga kwenye fuawe ili unga udondoke, haukudondoka. "Basi alumini siyo," akasema. "Lakini chuma nacho sicho."

Nusu ya yale niliyotaka kuyaeleza kwenye makala haya alikwisha kuyasema. Siku hizi picha zimejaa mitandaoni za panga za vita na mapanga ya shamba yaliyotengenezwa kwa mkono kwa titani, yana rangi za buluu na zambarau, na bei yake inatisha. Anayeyaona huuliza: kama metali hii inabeba ndege na haishiki kutu, mbona bado tunakatia chuma? Jibu fupi ni kwamba titani imesifiwa kwa sifa ambayo makali hayana haja nayo sana. Jibu refu linapitia motoni na kwenye grinda, na kote huko mazoea ya mhunzi yanageuzwa juu chini.

Tuelewane kwanza kwa maneno. "Chuma" tunaita karibu kila kitu kinachong'aa na kulia kikigongwa. Hapa titani nitaiita metali, na kile chuma chenye kaboni kinachokubali kukomazwa nitakiita kwa neno la wazee, feleji. Ningesema "chuma cha pua", ila siku hizi ukikiomba dukani unaweza kuletewa sufuria.

Uimara, ukakamavu, ugumu

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuyafanya maneno haya matatu kuwa kitu kimoja.

Uimara ni nguvu inayohitajika kuipinda metali isirudi tena, au kuikatisha. Hapa titani inatamba. Aloi inayotumika kuliko zote, mafundi huiita Daraja la 5, ni titani yenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi. Huhitaji karibu megapaskali 900 kabla haijapinda jumla, na hiyo ni nguvu ya feleji nzuri. Sentimita moja ya ujazo wake ina gramu 4.43, ya feleji ina gramu 7.85. Kwa anayejenga ndege, hesabu imeisha hapo.

Ukakamavu ni jambo lingine: ukikisukuma kitu kwa nguvu ile ile, kinakubali kupinda kiasi gani kabla ya kurudi? Titani ina kipimo cha gigapaskali 114 hivi, feleji 200 na ushei. Maana yake, ukitengeneza panga mbili za umbo moja, moja ya feleji na nyingine ya titani, ile ya titani itayumba karibu mara mbili. Ukitaka zilingane, huna budi kuongeza unene. Bahati nzuri unene una faida kubwa, kwani ukakamavu hupanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe, kwa hiyo asilimia 20 ya unene inatosha. Lakini unene huo ni uzito. Mtu aliyedhani ameokoa asilimia 44 ya uzito anajikuta ameokoa 32. Wauzaji wengi huitaja ile ya kwanza.

Ugumu sasa. Ugumu ni ubishi wa uso wa metali: inakataa kukwaruzwa, kubonyezwa, kukunjwa ukingo. Wahunzi hutumia kipimo cha Rockwell C: namba ikipanda, ugumu umepanda. Tupa ya mzee wangu ina 65 hivi. Kisu kizuri cha jikoni kina kati ya 56 na 62. Panga la shamba huachwa laini zaidi, karibu na 50, ili likikutana na jiwe lisimeguke na mkulima aweze kulinoa kwa tupa palepale shambani. Titani ya Daraja la 5 ina 36.

Makali ya panga ni ukingo mwembamba kuliko unywele. Pale kwenye ncha ya ukingo hakuna nyama ya kuusaidia. Kinachouzuia usikunjwe na gogo la mwembe ni ugumu tu. Mwili mzima wa panga unaweza kuwa imara kama nguzo ya daraja na ukingo wake ukalala kama ukurasa wa kitabu.

Mchanga wa nyumbani

Kuna kejeli kidogo katika kupeleka titani Likoni. Tangu 2013 hadi mwisho wa 2024 mchanga mzito wa Kwale ulichimbwa, ukachujwa, ukaletwa kwa malori hadi gati la hapa Likoni na kupakiwa melini. Ndani yake mlikuwa na ilmenaiti na rutili, madini mama ya titani, pamoja na zirkoni. Mzee wangu aliyala mavumbi ya barabara ile kwa miaka kumi na hakuna kipande kimoja cha titani kilichomfikia. Si ajabu: sehemu kubwa mno ya madini ya titani duniani haigeuzwi metali kabisa. Hugeuzwa unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukuta, plastiki, karatasi na dawa ya meno. Ukuta mweupe ulioegemea una uwezekano mkubwa wa kuwa na titani kuliko upanga wowote utakaoushika.

Titani si adimu. Ni ya tisa kwa wingi katika gamba la dunia. Kilichokuwa adimu ni njia ya kuitoa. Chuma hutolewa kwa mkaa: mkaa unanyang'anya madini oksijeni yake, na chuma kinabaki. Wahaya wa Kagera walikuwa wakifanya hivyo kwenye tanuru za udongo tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, wakapata chuma chenye kaboni. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha maelezo ya ufundi huo. Jaribu hivyo kwa titani, haitakubali. Titani inaishikilia oksijeni kwa nguvu zake zote, na ukizidisha moto hadi iiachie, inaukumbatia mkaa wenyewe na kuwa kabaidi, kitu kigumu kama jiwe kisichofulika. Wayeyushaji wa Japani, waliotumia mchanga wa chuma kutengeneza feleji ya panga zao mashuhuri, walikuwa na titani kwenye mchanga ule ule. Kwao ilikuwa uchafu wa kutupwa pamoja na masimbi.

Mwingereza William Gregor aliigundua mwaka 1791 kwenye mchanga mweusi wa Cornwall. Mjerumani Martin Klaproth akaipa jina mwaka 1795. Ilichukua zaidi ya karne nzima, hadi 1910, kwa Matthew Hunter kupata metali yenyewe ikiwa safi, na hadi William Kroll wa Luxembourg alipobuni njia inayotumika mpaka leo. Madini huunganishwa na klorini yawe kimiminika, kimiminika kinachujwa kwa mvuke, kisha kinakutanishwa na magnesiamu iliyoyeyuka ndani ya chombo kisicho na hewa. Baada ya siku kadhaa kinachotoka ni donge lenye matundu kama sifongo. Linapasuliwa, linabanwa, linayeyushwa ndani ya ombwe, mara nyingi zaidi ya mara moja. Bei unayolipia upanga wa titani inaanzia hapo, kabla mhunzi hajawasha moto.

Motoni

Turudi kwenye fuawe. Mapanga mengi ya titani hayafuliwi; hukatwa kwenye bamba na kuchongwa kwa grinda hadi umbo litokee. Hilo si udanganyifu, na kwa maoni yangu ndiyo njia ya busara. Lakini nilikuwa nimemuahidi mzee kazi ya nyundo, na yeye alikuwa ameshachochea mkaa.

Feleji ya springi ya gari, ambayo ndiyo malighafi yake ya kila siku, inamvumilia fundi. Anaitoa ikiwa njano, nyuzi 1,100 hivi, anaipiga inapopita rangi ya chungwa hadi nyekundu ya karibu nyuzi 850, anairudisha. Ana nafasi ya nyuzi zaidi ya 200 ya kufanyia kazi. Daraja la 5 hufuliwa takriban kati ya nyuzi 900 na 960. Ukivuka nyuzi 995 hivi, mpangilio wa atomi zake hubadilika wote, punje za ndani zinakua kubwa, na upanga unakuwa tayari kupasuka siku utakayopigwa ubavuni. Ukishuka chini sana, metali inakuwa kama mpira wa gari: nyundo inarudi usoni na bamba limekaa pale pale.

Na inapoa haraka. Ujazo ule ule wa titani hubeba asilimia 60 tu ya joto linalobebwa na feleji, tena joto lenyewe halitembei ndani yake: titani ya Daraja la 5 hupitisha joto kama mara saba chini ya feleji ya kawaida. Kwa hiyo ngozi inapogusa fuawe baridi inapoa papo hapo, wakati moyo wa bamba bado ni wa moto. Mzee alipiga mapigo matano mazuri. La sita lilitoa mlio mwembamba, na mimi nikamwambia arudishe motoni. Hakurudisha. Mtu aliyefua chuma miaka arobaini hafundishwi na kijana mwenye gazeti. Alipiga mengine manne, na tulipoligeuza bamba tuliona ukingoni nyufa nyembamba kama nywele, zimepangana kama meno ya kitana.

Nyufa zile hazikuletwa na baridi peke yake. Titani ikiwa ya moto ina njaa. Inanyonya oksijeni ya hewa, na oksijeni hiyo haiishii juu kama kutu. Inazama ndani na kuugeuza uso kuwa ganda gumu na jepesi kuvunjika kama kaka la yai. Ganda hilo lina unene wa sehemu ndogo ya milimita, lakini ufa ukianzia humo unaendelea hadi ndani kwenye metali nzima. Kila anayefua titani hana budi kuliondoa ganda lote, kwa kusaga au kwa asidi. Viwandani hutumia mchanganyiko wa asidi ya naitriki na haidrofloriki. Hiyo ya pili inapenya ngozi na kufika mfupani, usiifikirie karakanani.

Hapa ndipo mazoea yanapomsaliti mhunzi. Kwa feleji, moto mzuri ni ule wenye mkaa au gesi nyingi kuliko hewa, ili chuma kisiungue kutoa magamba. Moto wa namna hiyo una haidrojeni iliyo huru, na titani huinywa haidrojeni kwa pupa, ikawa dhaifu bila kuonyesha dalili yoyote usoni. Vipimo vya Daraja la 5 vinaruhusu haidrojeni asilimia 0.015 tu. Ndiyo maana wanaoifua kwa ujuzi hulegeza gesi na kuongeza hewa kidogo: afadhali ganda la oksijeni, linaloonekana na kusagika, kuliko haidrojeni iliyojificha. Wengine huipaka kinga ya kioo cha unga kabla ya kuitia motoni.

Hata jasho ni adui. Chumvi ya vidole ikibaki juu ya titani kisha ikapashwa moto, inaweza kuanzisha nyufa. Waliojenga ndege ya kijasusi ya SR-71 kule Burbank, California, walijifunza mambo ya aina hii kwa gharama: sehemu zilizochomelewa wakati wa kiangazi zilikuwa zikiharibika mapema, za majira ya baridi zikadumu. Waliposaka sababu wakagundua kwamba maji ya mji yalitiwa klorini nyingi zaidi kiangazi, na sehemu zilioshwa kwa maji hayo. Walikuta pia kwamba spana zilizopakwa kadimi, metali ya kukinga kutu, zilikuwa zikiharibu bolti. Na titani yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilinunuliwa kwa siri kutoka Umoja wa Kisovieti, nchi iliyokuwa ikipelelezwa. Mimi, kijana wa Mombasa mwenye viganja vinavyotoka jasho hata Julai, nilikishika kipande kile kila mahali kabla hakijaingia motoni.

Kuzamisha kwenye mafuta, na tupa inayouma bado

Tulikata sehemu yenye nyufa, likabaki bamba la sentimita 38. Mzee akataka kufanya anachokifanya kwa kila panga: alipashe moto hadi jekundu, alitumbukize kwenye ndoo ya oili chafu ya injini, kisha alijaribu kwa tupa. Springi ikitoka kwenye ndoo ile tupa huteleza juu yake kama kwenye kioo. Hapo panga limekomaa, na linabaki kutulizwa kwa moto mdogo ili lisiwe jepesi kuvunjika.

Akalizamisha. Moshi, harufu, kikohozi. Akalitoa, akalifuta, akaweka tupa.

Tupa ikauma, vile vile kama mwanzo.

Alirudia. Ikauma tena. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kipofu.

Siri ya feleji ni kaboni. Chuma cha moto kinaimeza kaboni na kuiyeyusha ndani yake. Kikipozwa ghafla, kaboni haipati muda wa kutoka, inanaswa katikati ya atomi za chuma na kuzivuta kila upande. Mvutano huo ndio ugumu. Nusu asilimia ya kaboni inatosha kumfanya mhunzi aitwe mchawi. Titani haina mchezo huo. Kaboni katika Daraja la 5 haivuki asilimia 0.08, na hata ingeongezwa isingenaswa kwa namna ile. Ingejitenga kuwa vipande vya kabaidi. Titani nayo hubadili mpangilio inapozamishwa majini kutoka kwenye moto mkali, ila mpangilio mpya si mgumu kivile. Ikishapozwa hivyo, inawekwa kwenye joto la nyuzi 500 na kidogo kwa saa kadhaa, na hapo inajiongezea uimara polepole. Faida yote hiyo inaitoa Daraja la 5 kwenye 36 na kuipeleka karibu na 40. Tupa bado inauma.

Kuna aloi nyingine, zenye vanadi, kromi au molibdeni kwa wingi, ambazo hupenda zaidi matibabu ya namna hii na huvuka 40 kidogo. Visu vya titani vya kuaminika mara nyingi vimetokana na hizo. Kuna pia ndugu wa mbali, mchanganyiko wa asilimia 60 ya nikeli na 40 ya titani, unaofikia ugumu wa kisu cha jikoni, karibu 60, na bado haushikwi na sumaku wala kutu. Ila titani humo ni mgeni aliyezidiwa na mwenyeji, na kuuchonga ni mateso yanayohitaji makala yake.

Cheche nyeupe

Kama kuna sehemu moja ya makala haya ya kusoma mara mbili kabla ya kushika kifaa, ni hii.

Grinda ilipogusa bamba, karakana nzima iling'aa. Cheche za feleji ni za rangi ya chungwa. Za titani ni nyeupe, zinaumiza macho, na zinapasuka angani kama fataki za Diwali mjini. Watoto wa jirani walikuja kutazama. Mzee alifurahi, na mimi nilianza kuzima vitu.

Cheche zile ni titani inayoungua. Bamba zima haliwaki kirahisi, lakini unga wake na nyuzi zake nyembamba huwaka, na ukishawaka haujali unachoumwagia. Maji yanauongezea moto, maana titani ya moto hunyang'anya maji oksijeni yake na kuachia haidrojeni inayolipuka. Mtungi wa kaboni dioksidi haufai. Titani huungua hata ndani ya naitrojeni tupu, jambo ambalo metali chache hufanya. Kinachotakiwa ni unga maalumu wa kuzimia moto wa metali, au chumvi kavu, au mchanga mkavu wa kuufunika na kuuacha ujifie. Nasisitiza mkavu. Mchanga wa ufuoni tulionao mlangoni una unyevu na ungekuwa bomu.

Hatari iliyojificha zaidi ni mchanganyiko. Sakafu ya karakana ya kawaida ina vumbi la kutu na la mbao za mipini. Unga wa titani ukikaa pamoja na unga wa kutu, cheche moja inaweza kuamsha moto wa namna ile inayotumika kuunganishia reli: titani inachukua oksijeni ya kutu na joto linapaa ghafla. Wanaofanya kazi hii mara kwa mara husafisha mashine kabisa kabla ya kubadili metali, na vumbi la titani hawaliachi lirundikane hata siku moja. Sisi tulifagia mara tatu na tukafanyia kazi nje.

Kusaga kwenyewe nako kuna adabu yake. Kwa sababu joto halitembei, linarundikana pale disku inapogusa. Nilishuhudia ncha ya bamba ikigeuka njano, kisha buluu, huku mzee ameshika upande wa pili kwa mkono mtupu bila habari. Kwa feleji angekuwa ameshaliangusha. Joto hilo linaziua punje za msasa, na titani inazing'ang'ania ikajipaka juu yake. Baada ya muda mfupi unasugua titani kwa titani. Dawa ni kupunguza mwendo: ukanda wa msasa unaokata feleji kwa mita 25 kwa sekunde unatakiwa kushushwa hadi 10 au chini ya hapo, ukandamize kwa nguvu lakini kwa vipindi vifupi, utumie punje za kauri au silikoni kabaidi, na mkanda ukiisha makali utupwe bila huruma. Grinda ya mkono ya mzee ina mwendo mmoja tu. Tulimaliza disku saba kwa kazi ambayo springi ingetaka mbili.

Hapo ndipo unapoelewa bei kwa mara ya pili.

Makali ya kuazima

Kama titani haikubali kukomaa, mafundi wajanja wameiazimia ugumu kutoka nje. Wanachukua fimbo ya kabaidi ya tangsteni, wanaiunganisha na umeme, wanaitetemesha juu ya ukingo wa panga, na kila cheche inahamisha chembe ya kabaidi na kuichomelea pale. Linabaki tabaka jembamba, mara nyingi chini ya sehemu ya ishirini ya milimita, gumu kuliko tupa yoyote. Uzuri wake ni kulitia upande mmoja tu wa makali. Unapokata, titani laini ya upande wa pili inaliwa kidogo kidogo, na kabaidi inabaki imechomoza kama meno ya panya, ambayo nayo hubaki makali kwa sababu upande mmoja huisha haraka kuliko mwingine. Ukinoa, unanoa upande wa titani peke yake. Ukinoa pande zote kwa mazoea umelifuta tabaka lote, na panga limerudi kuwa kijiko.

Sisi hatukuwa na kifaa hicho. Mzee alilipa panga makali mazito, ubavu umetuna kidogo badala ya kuwa bapa, maana ukingo laini ukiwa mwembamba unajikunja. Kwa hilo hakuhitaji kuambiwa.

Rangi ni rahisi kuliko vyote, na ndizo zinazouza. Si rangi ya kupaka. Ukiitumbukiza titani kwenye maji yenye magadi au hata soda ya kola, ukaiunganisha na umeme, tabaka la oksidi linakua juu yake, na unene wake unaamua rangi gani ya mwanga irudi machoni, kama mafuta yanayoelea juu ya dimbwi. Tuliunganisha betri tatu za volti 9, jumla 27, na bamba likawa buluu kwa sekunde chache. Mzee alitaka kuliachia buluu lote. Pale makalini ilifutika kwenye kuti la kwanza.

Tulipolijaribu

Likiwa na mpini wa mvule, lilikuwa na wepesi wa kushangaza. Bamba la awali lilikuwa na gramu 400 hivi. La feleji la vipimo vile lingekuwa na 700. Kwenye makuti na magugu lilipita vizuri, na mkono haukuchoka. Tulipolipeleka kwenye dafu, tatizo likajitokeza bila kutafutwa. Panga hukata kwa uzito wake. Mkono unaliinua, uzito unashuka. Hili lilitua na kusimama katikati ya kumbi. Unaweza kulizungusha kwa kasi zaidi, lakini mkono una mwisho wa kasi yake. Baada ya madafu kumi na mbili, ukingo wa katikati ulikuwa umelala upande, nikiupitisha kidole nausikia.

Upanga wa vita una hesabu tofauti kidogo, kwani pale wepesi wa kugeuza mkono ni uhai, na anayecheza nao kwa mazoezi au maonyesho hakati magogo. Kwa huyo titani ina mantiki, na mtengenezaji mzuri hurudisha uzito kidogo kwa kuongeza upana karibu na ncha. Anayedai kwamba upanga wake wa titani utaukata wa feleji, huyo anauza hadithi: makali ya 36 yakigongana na ya 55, tunajua lipi litaondoka na pengo.

Mahali ambapo metali hii haina mpinzani ni majini. Ngozi yake ya oksidi, nyembamba hata haionekani, hujiponya yenyewe kila inapokwaruzwa, na maji ya bahari hayana la kufanya. Wapiga mbizi wa majeshi wanaotegua mabomu ya baharini hutumia visu vya titani kwa sababu ya pili: mabomu mengine huamshwa na sumaku, na titani haishikwi na sumaku. Warusi, waliobaki na titani nyingi ya nyambizi na ndege baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, waliifanya hata masepetu ya bustani.

Panga letu nilimpa binamu yangu mvuvi. Linakaa wazi kwenye ngalawa yake, kwenye maji ya chumvi na matumbo ya samaki, kazi yake kukata kamba na chambo. Mwezi wa nane sasa halina doa hata moja la kutu, na analinoa kila jioni.